Kadi ya Shikamoo

Jina la baba mkwe wangu sitalitaja, na msidhani naficha kitu. Kwetu Karagwe mkamwana hataji jina la baba mkwe. Haketi kwenye kiti chake, hamtazami akila, hasemi naye uso kwa uso. Mkikutana kwenye njia ya shambani, wewe ndiwe unayeingia kwenye migomba na kugeuza mgongo mpaka apite. Nimeingia kwenye migomba mara nyingi, mvua ikinyesha, mtoto mgongoni, na sikuwahi kumlaumu mzee wa watu. Naye alikuwa akikohoa tangu mbali ili nipate muda wa kujificha vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na kila upande uliitunza kwa namna yake.

Wasomaji wa mjini mtacheka. Chekeni. Lakini fikirieni na balaa langu: mzee huyo huyo ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa kompyuta kazini kwangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Mradi mmoja wa afya ulikuwa na ofisi Kayanga, juu kidogo ya soko, na wafadhili wa Ulaya, walipoichoka kompyuta yao kubwa, waliona afadhali watuletee sisi kuliko kuitupa. Ilifika kwa lori ndani ya makasha ya mbao, ikajaza chumba kizima. Si kompyuta hizi mnazobeba kwapani. Yalikuwa makabati ya chuma yanayomzidi mtu urefu, tepu zinazozunguka, na printa yenye kelele za mashine ya kusaga mahindi. Kulikuwa na kiyoyozi kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yetu, na jenereta nyuma ya ukuta ambayo mlinzi aliipenda kuliko mkewe. Kazi ya mtambo wote huo ilikuwa kugawa dawa. Zahanati zilileta taarifa za kilichobaki kwenye makabati yao, sisi tukatoboa kadi za karatasi ngumu, mashine ikasoma matundu yake, ikapiga hesabu na kuchapa hati za kila zahanati ipakiwe nini. Lori la dawa liliondoka kila Ijumaa.

Mwendeshaji alipatikana kwa bahati. Mzee alikuwa amefanya kazi Kampala miaka ya sitini, kwenye kompyuta ya shirika moja la huko, akarudi nyumbani Kituntu na baiskeli, redio, na ujuzi ambao haukuwa na kazi yoyote kwenye shamba la kahawa. Vita vya Kagera vikaja vikapita, yeye anapogoa migomba. Mradi ulipotafuta mtu wa kuendesha mashine, alivaa koti lake la Kampala akaenda Kayanga. Walimpa kazi siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa nimesoma hesabu, nikapelekwa Dar es Salaam kujifunza kuandika programu, nikarudi. Kwa hiyo nilimjua mzee kabla ya kumjua mwanawe, na hapo ndipo penye uchungu. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa marafiki. Aliniita binti. Alikuwa na kahawa ya kutafuna kwenye kifuko cha majani ya migomba, ile iliyochemshwa na viungo, na kila asubuhi alinimiminia punje kiganjani kabla hatujagusa kazi. Akanionyesha jinsi ya kusikiliza tepu inayotaka kukwama. Alinieleza kwamba mashine kubwa haiongei na kila mtu, na kwamba hiyo si dharau, ni utaratibu. Kisha mwanawe mwalimu akaja siku moja kumletea baba yake mwavuli, akaja tena mvua ikiwa haipo, na mwaka uliofuata nikaolewa.

Tangu siku ya harusi mzee akatoweka mdomoni mwangu. Niliporudi kazini nilipiga magoti kizingitini pa chumba cha mashine, nikatazama sakafu, nikasema shikamoo kwa sauti ya chini. Alikohoa. Kifuko cha kahawa kilikuwa juu ya meza, nami nilijua siwezi tena kunyoosha kiganja. Nilirudi kwenye chumba changu nikalia, mchana kweupe, kwa sababu nilikuwa nimepata mume na kupoteza mwalimu, na hakuna aliyenipa pole kwa hilo la pili.

Sasa niwaeleze kidogo kazi ilivyokwenda, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilikaribia kufukuzwa. Mwandishi wa programu hakugusa mashine. Nilikuwa naandaa fungu la kadi, tukiliita kazi, nikalipitisha kwenye dirisha dogo la ukutani. Kazi ikisomwa inaingia kwenye foleni pamoja na kazi nyingine, inangoja zamu yake. Mwenye kuiamuru mashine ni mmoja tu, yule aliye kwenye konsoli, yaani meza ya amri, yenye taipureta inayochapa kile mashine inachosema na kile inachojibiwa. Yeye ndiye anayesema kazi hii ingoje, ile ipite, printa ishikwe kwa ajili ya fulani. Ukiwa na jambo la haraka ulikuwa unamwambia mwendeshaji kwa mdomo, kupitia dirishani. Na mdomo ndio nilionyang'anywa.

Tukapata mdomo wa kuazima. Kulikuwa na mama mfanyausafi, mtoto wa wakimbizi waliotoka Rwanda zamani, mwenye sauti kubwa na akili nyepesi ya kukumbuka. Nilimwambia, "Mama, mwambie mzee azuie kazi nyingine mpaka ya dawa iishe." Yeye akaingia na ndoo yake, akasema vilevile nilivyosema, akatoka na jibu. Wakati mwingine mzee alikuwa ananisikia ukutani kabla mama hajafungua mlango, lakini alingoja aambiwe. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda, na nilianza kudhani tumeokoka.

Ijumaa moja mama yule alikwenda mazikoni Nyakahanga, na karibu ofisi nzima ilikwenda naye, kwa kuwa marehemu alikuwa jamaa wa wengi. Meneja alikuwa Bukoba. Dereva wa lori alikuwa sokoni. Tulibaki mimi na mzee, na ukuta katikati. Kazi ya dawa ilikuwa imekaa nyuma ya kazi ya mishahara ya wauguzi na nyuma ya takwimu za mwaka ambazo hazikuwa na haraka yoyote. Nilisimama kwenye dirisha langu nikiisikia printa ikichapa takwimu, karatasi baada ya karatasi. Mzee hakujua kama ya dawa iko tayari au bado ina makosa, hakuweza kuniuliza. Nami nilijua iko tayari, sikuweza kumwambia. Mtauliza kwa nini sikuandika kikaratasi. Kumwandikia ni kusema naye, na kumpa mkononi ni vibaya zaidi. Nilikaa pale nikiuma kucha hadi jenereta ikazimwa.

Lori halikuondoka siku ile. Zahanati ya kwetu Kituntu ilimaliza dawa za malaria, na Jumapili kanisani nilikaa karibu na mwanamke aliyekuwa amempakata mtoto mwenye homa, akimpepea kwa kitabu cha nyimbo. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini sikuimba.

Meneja wetu alikuwa mtu wa Tanga, mpole kwa kawaida. Jumatatu aliniita.

"Dada, naheshimu mila za watu," alisema. "Nami kwetu ninazo. Lakini dawa hazina mila. Mpaka mwisho wa mwezi, ama mnazungumza, ama mmoja wenu anaondoka."

Hakuhitaji kusema ni yupi. Mwendeshaji mwingine asingepatikana hadi Mwanza, pengine hadi Dar. Mwandishi wa programu angeweza kuletwa. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema na wema wake wakati mwingine unaudhi, alisema niache tu, nitafundisha hesabu shuleni kwake. Nilimwambia sitaki kufundisha hesabu. Nilikuwa nimeipenda kazi ile kwa namna ambayo hata kuieleza ni aibu: kutoboa kadi jioni, na asubuhi kukuta jambo limefanyika kama ulivyolipanga. Sikuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya ukuta.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mbwa wa rangi ya majivu, mvivu, mwenye sikio moja lililokatika. Mbwa huyo ndiye aliyekuwa mkalimani wa familia. Mama mkwe akiwepo, yeye ndiye aliyepeleka maneno yangu kwa mzee. Asipokuwepo, na chakula kimeiva, ilinibidi nimgeukie mbwa, mzee akiwa uani kwa upande mwingine, nami niseme kwa sauti ya kusikika, "Wewe mbwa, ndizi zimeiva, ziko mezani." Mbwa hajawahi kufanya lolote na habari hizo. Mzee ndiye aliyeinuka akaenda kula. Wake wote wa kwetu wamewahi kusema na mbwa, na mbuzi, na hata nguzo ya nyumba, na hakuna anayeona ajabu, mradi ni uani kwake.

Ilikuwa siku mbili tatu baada ya onyo la meneja. Nilikuwa nimemaliza kumwambia mbwa kwamba maji ya kuoga yamewekwa, na kijiko kikaniponyoka mkononi. Kazini hatukuwa na mbwa. Lakini tulikuwa na mashine, nayo ilikuwa inasikilizwa na mzee siku nzima.

Vitabu vya maelezo vya mashine ile vilijaza rafu mbili, kwa Kiingereza kikavu. Nilivisoma wakati wa chakula cha mchana, nikimega ndizi kwa mkono mmoja. Nikapata nilichokuwa nakitafuta: ndani ya fungu la kadi za kazi ya kawaida unaweza kuchomeka kadi yenye amri ya konsoli. Mashine ikiifikia kadi hiyo, inaitekeleza kana kwamba mwendeshaji ameichapa mwenyewe mezani. Zuia kazi nyingine. Ipe hii printa. Ikimalizika, zifungulie zilizozuiwa. Kadi tatu. Sikuhitaji kumwambia mzee neno lolote.

Nilizitoboa mwenyewe, nikazipanga mbele na nyuma ya kazi ya dawa, nikapitisha fungu dirishani. Baadaye nikapokea karatasi zangu. Juu kabisa, mashine ilikuwa imechapa kwamba imeona amri zangu tatu na imezipuuza.

Nikarudi kwenye vitabu. Kumbe kazi ziligawanywa kwa madaraja, na kila daraja lilikuwa na mpangilio wake kuhusu amri zinazotoka ndani ya kadi. Mashine inaweza kuambiwa izipuuze. Au izionyeshe tu kwenye konsoli na isifanye kitu. Au imwulize mwendeshaji kwanza, naye ajibu ndiyo au hapana. Au izitekeleze moja kwa moja. Ya kwetu ilikuwa imewekwa kupuuza, na wa kubadilisha hilo alikuwa mtu mmoja, kwenye meza moja, ambaye siwezi kusema naye. Nilicheka peke yangu mpaka mama mfanyausafi akaja kuangalia.

Ningeweza kumtuma yeye. Lakini jambo lenyewe lilikuwa gumu kulibeba kwenye ndoo, tena lilikuwa na ubaya ambao nilianza kuuona nikiwa njiani kurudi Kituntu. Mimi mkamwana nilikuwa nataka ruhusa ya kutoa amri kwenye meza ya baba mkwe. Kwa mila zetu hiyo ni karibu na kukaa kwenye kiti chake. Nilitembea nikiinua jambo na kulishusha. Nilipofika nilimkuta mzee uani, amenipa mgongo, anachambua maharagwe ya mbegu. Mbwa amelala karibu na jiko.

"Wewe mbwa," nilisema. "Kuna mtu ana amri zake tatu ndani ya kadi. Mashine inazipuuza. Mtu huyo hataki kumpita yeyote. Anataka tu dawa ziende Ijumaa, na anataka asifukuzwe. Angeombewa daraja lake libadilishwe, angeshukuru."

Mbwa alipiga miayo. Mzee aliendelea na maharagwe yake kwa muda mrefu, halafu akakohoa, akaingia ndani. Sikujua kikohozi kile kina maana gani. Nilipika ndizi zikaungua.

Kesho yake, kabla ya kupitisha fungu, kitu kilinizuia. Kumwamuru mtu mzima asubuhi, bila hata salamu? Nilirudi kwenye mashine ya kutoboa nikatengeneza kadi ya nne ya kutangulia zote, ya kupeleka ujumbe kwenye konsoli. Ujumbe ulikuwa SHIKAMOO BABA; salamu haikukatazwa, tena anayeipeleka ni mashine. Kisha nikapitisha fungu, nikakaa mikono katikati ya magoti.

Karatasi ziliporudi nilizisoma kwa kidole. Salamu yangu ilikuwa imechapwa. Chini yake mashine iliuliza: amri imetoka ndani ya kazi, itekelezwe? Na jibu la mwendeshaji: ndiyo. Amri ya pili, ndiyo. Ya tatu, ndiyo. Mzee hakuchagua kupuuza wala kutekeleza. Alichagua kuulizwa. Kwa hiyo kilichotoka kwangu kikiwa amri kilimfikia yeye kikiwa ombi, na hakuna aliyekosewa heshima. Nilijisikia mwepesi hata nikasahau chakula cha mchana.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi meneja alikuja kusimama kati ya vyumba vyetu viwili, amekunja mikono, ili aone kwa macho yake. Hati za dawa zilitoka mapema, lori likapakiwa, dereva akalalamika kwamba sasa atafika Nyakahanga kabla chai haijaiva.

"Mmezungumza?" meneja aliniuliza.

"Hapana."

"Basi imekwendaje?"

"Mashine imenisemea."

Alinitazama, akatazama dirisha, akaenda zake. Suala la kuondoka halikutajwa tena.

Msidhani kwamba tangu hapo ikawa asali tupu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ile ndiyo, ndiyo, ndiyo ya kila siku ilianza kunichosha. Mwaka ukapita, na mwingine, na bado mashine inauliza. Nilijiona mtoto anayeshikwa mkono kuvuka mto ambao ameuvuka mara mia. Mara moja alinijibu hapana. Nilikuwa nimezuia kazi ya mishahara ya wauguzi ili ripoti yangu ipite, na yeye akakataa. Jioni nilipiga masufuria, nikamwambia mbwa kwamba kuna watu wanapenda kushikilia funguo hata za nyumba zisizo zao. Ndipo kwa mara ya kwanza mzee naye akasema na mbwa.

"Mbwa," alisema polepole, mgongo wake kwangu, "wauguzi nao wana watoto."

Niliyaacha masufuria, kwa sababu ilikuwa kweli. Na usiku ule nilipolala nilikuwa na furaha ya ajabu, maana nilikuwa nimesikia sauti yake ikijibu jambo la kazi, kama zamani za kifuko cha kahawa.

Nilipojifungua mtoto wa pili, meneja aliazima kijana kutoka Dar es Salaam kushika nafasi yangu. Kijana nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wengine waliniambia kwa huruma kwamba akiwafaa watabaki naye. Nilikuwa nyumbani Kituntu, nanyonyesha na kunywa uji. Ijumaa yake ya kwanza gari la mradi likaja uani kwetu likitimua vumbi jekundu. Meneja aliteremka na fungu la kadi mkononi.

"Mzee amekataa," alisema. "Kila amri, hapana. Nimemuuliza mwenyewe, ananiambia mashine imeuliza na yeye amejibu. Kijana anakaribia kulia."

Nilimpa mama mkwe mtoto, nikazipitia kadi. Zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko zangu, kusema kweli. Ila ya kwanza haikuwepo.

"Kadi ya salamu iko wapi?"

"Aliitoa. Anasema haifanyi kazi yoyote."

"Irudisheni," nilimwambia.

Waliirudisha, na lori likaondoka. Jioni nilitoka uani na mtoto begani, nikamwuliza mbwa kama kweli dawa za watu zinaweza kukaa kwa sababu ya shikamoo. Nilikuwa nimekasirika kidogo kwa niaba ya kijana wa watu. Mzee alikuwa anafuta baiskeli yake.

"Mbwa," alisema, "mtu anayebisha hodi huwa amesimama kidogo mlangoni. Akisimama, anaangalia ndani kuna nani. Kazi ya leo haikusimama. Ingezuia hesabu za hospitali katikati ya kuandikwa, bila kuziona; iliporudi na hodi, zilikuwa zimekwisha."

Niliingia ndani kumlaza mtoto. Kijana alirudi kwao mwezi uliofuata akiwa ananisalimu kwa heshima isiyolingana na umri wangu, na mimi nikarudi kwenye dirisha langu.

Miaka ya tisini ilipoanza, macho ya mzee yalikuwa yanafifia. Aliisoma konsoli kwa kuisogelea mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Mashine nayo ilikuwa inachoka, na tayari kulikuwa na habari za kompyuta ndogo zitakazowekwa juu ya meza. Meneja aliamua kwamba mzee apumzike, na kwamba kwa muda uliobaki hakuna haja ya kutafuta mwendeshaji mpya. Ningeandika kazi na kuziendesha mwenyewe. Niliyekaribia kuondolewa kwa sababu ya meza ile, sasa nilipewa meza yenyewe.

Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini Jumapili nzima sikutulia. Mbele ya ile meza kulikuwa na kiti cha mzee. Alikuwa amekikalia tangu mashine ilipofika, mto wake wa kitenge umeshika umbo lake. Mkamwana haketi kwenye kiti cha baba mkwe. Wala siwezi kukitupa, wala kukihamisha kwa mikono yangu kama kitu cha ofisi. Niliamua nitafanya kazi nimesimama. Nilimwambia mume wangu, naye, kwa wema wake, akasema nivae viatu vya chini.

Jumatatu nilifungua mlango wa chumba cha mashine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu harusi. Kiti cha mzee hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kiti kipya cha mbao, kifupi kidogo, cha kunifaa mimi, bado kinanukia maranda. Mlinzi akaniambia mzee alikuja Jumamosi, akafunga kiti chake nyuma ya baiskeli, akaondoka akisukuma. Hiki kipya alikichukua mwenyewe kwa fundi wa pale sokoni. Juu ya meza ya amri palikuwa na kifuko cha majani ya migomba. Nilikifungua. Kahawa.

Nilikaa. Nilitafuna punje kadhaa, nikapangusa macho, nikaingiza fungu la kwanza la siku. Nilikuwa nimeiacha kadi ya shikamoo kwa mazoea, na taipureta iliichapa mbele yangu, SHIKAMOO BABA, wakati baba mwenyewe hayupo. Kisha nikaweka vidole tayari kujibu swali. Amri ya kwanza ilipita. Nikangoja. Ya pili ikapita, na ya tatu, na printa ikaanza kelele zake, na mashine haikuniuliza kitu. Nilirudi nyuma kwenye karatasi za konsoli, nikaona jambo la mwisho alilolifanya Jumamosi kabla ya kufunga kiti chake kwenye baiskeli: alikuwa amebadilisha daraja langu la kazi. Amri zangu zitekelezwe bila kuulizwa.

Jioni nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti kile cha ofisi chini ya ukingo wa paa, ananipa mgongo kama siku zote. Mbwa, mzee naye sasa, alikuwa amelala miguuni pake. Nilipiga magoti nikatazama ardhi.

"Wewe mbwa," nilisema, "mwambie baba shikamoo. Mwambie kazi imekwenda, na haikuuliza."

Sikusikia kikohozi. Nilisikia kiti kikilia kidogo, kama mtu anayegeuka.

"Marahaba, binti," alisema mzee.

Mbwa aliinua kichwa, akangoja kuambiwa na yeye, kisha akakirudisha chini.